Kutoka Mwaloni hadi Rusumo: mto uliogeuzwa mpaka

Haya ni maneno niliyowaambia madereva, mawakala wa forodha na wafanyabiashara wa samaki hapa Mwanza. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nikaacha vikohozi vyangu na ile robo saa umeme ulipokatika.

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Mama zangu wa soko la samaki la Mwaloni, poleni na kazi. Najua wapo walioacha dagaa juani wakaja moja kwa moja hapa. Vijana wa semi, habari za barabarani.

Nimepewa mada inayoitwa historia ya mpaka wa Rusumo, kati yetu na Rwanda. Kabla sijapanda hapa mbele, mama mmoja aliyeketi pale mstari wa kwanza, mwenye kitenge cha njano, alinivuta mkono akaniambia, "Baba, historia ni nzuri, ila dagaa wangu walilala Rusumo siku mbili wiki iliyopita. Na hilo utalisema?" Nikamwahidi nitalifikia. Mama, nivumilie, safari ni ndefu kidogo.

Mimi sikusomea historia. Nilianza kazi hii nikiwa tandiboi, nikawa dereva, mgongo ulipokataa nikahamia mezani kuwa wakala wa forodha. Rusumo nimepita nimelala juu ya turubai, nimepita nimeshika usukani, nimepita na faili kwapani. Yasiyokuwa ya macho yangu nimeyasoma. Foleni ya mpakani humpa mtu muda wa kusoma, asikudanganye mtu.

Twendeni kwanza darajani Rusumo. Zamani safari yenyewe ilianzia kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, na ukikosa cha jioni unalala. Tangu Juni 2025 unapita juu ya daraja, kilomita tatu na ushee, na kabla redio haijamaliza taarifa ya habari uko Busisi. Sengerema, Geita, Biharamulo, Lusahunga. Pale Lusahunga unakutana na wenzako wanaotoka Dar es Salaam, mnaingia pamoja kwenye vilima vya Ngara. Kuelekea mtoni barabara inateremka, na harufu ya breki zilizochoka inaingia hadi kwenye kebini. Kisha unausikia mto kabla hujauona. Wanyarwanda wakisema isumo wana maana ya maporomoko ya maji, na jina Rusumo limetoka huko. Maji yanaanguka kama mita 15, na rangi yake ni ya chai ya maziwa.

Daraja la Rusumo lenyewe ni mita 80 tu. Ukitoka upande wetu saa nne kamili asubuhi, upande wa pili unafika saa tatu na dakika chache, kwa sababu saa ya Rwanda iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Umezawadiwa saa nzima. Ukirudi wanaidai. Halafu kuna upande wa kuendeshea: kwetu ni kushoto, kwao ni kulia. Mwenzangu mmoja, miaka hiyo, alivuka usiku akiwa amechoka, akasahau. Akaenda karibu kilomita nzima kwa upande wetu ndani ya nchi ya watu, mpaka taa za basi zikamjia usoni. Hakuumia mtu. Ila tangu siku hiyo kila akivuka alikuwa anajisemea kwa sauti, peke yake kwenye kebini: kulia, kulia, kulia.

Sasa jiulizeni kwa nini iwe hivyo. Vilima ni vile vile, migomba ni ile ile, udongo mwekundu ni ule ule. Mhangaza wa Ngara akikutana na Mrundi wanaongea bila mkalimani, na Mnyarwanda akiwasikiliza anaambulia mengi. Sisi tunaendesha kushoto kwa sababu tulitawaliwa na Mwingereza, wao wanaendesha kulia kwa sababu walitawaliwa na Mbelgiji. Na ninachotaka mkitoke nacho hapa ni hiki: huu mto haukuzaliwa mpaka. Umegeuzwa mpaka, na waliougeuza tunawajua kwa majina na mwaka wake tunaujua.

Mto ni Kagera. Wenzetu wanauita Akagera. Nyabarongo inatoka Rwanda, Ruvubu inatoka Burundi, zinakutana kidogo tu juu ya maporomoko ya Rusumo. Kutoka hapo Kagera inakwenda kaskazini, Rwanda mkono wa kushoto na Tanzania mkono wa kulia, inafika pembe ya Uganda, inakata mashariki, inapita Kyaka kule Missenyi, na mwisho inamwaga maji yake kwenye ziwa letu upande wa Uganda, karibu na Kasensero. Hakuna mto unaolipa ziwa hili maji mengi kuliko huo. Nisisitize hapo, kwa sababu watu wa Mwanza tuna tabia ya kusema Rusumo ni habari ya watu wa Ngara.

Wazungu walipoanza kuutafuta mwanzo wa Nile, Speke aliliona ziwa kutoka vilima vya hapa kwetu Mwanza, Agosti 1858, akaamua palepale kwamba amemaliza kazi. Hakuwa amemaliza. Stanley alikuja kuchunguza Kagera mwaka 1876, akaubatiza Alexandra, jina ambalo halikumnogea mtu yeyote. Hakuingia Rwanda. Enzi hizo Rwanda ilikuwa ya mfalme wake, Mwami Kigeri Rwabugiri, na misafara ya wafanyabiashara wa pwani haikuwa na ruhusa ya kujiingilia tu. Waswahili waliojua kila njia kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, kwa Rwabugiri walikomea nje ya mlango.

Aliyeingia ni Mjerumani, Gustav Adolf von Götzen, pamoja na msafara mkubwa alioutoa Pangani. Alivuka Kagera pale Rusumo tarehe 2 Mei 1894. Ikumbukeni tarehe hiyo, nitairudia. Huyu ndiye yule yule aliyekuja kuwa gavana wa koloni wakati wa Vita vya Majimaji, kwa hiyo wazee wa kusini wanamjua kwa sababu nyingine. Hakuvuka peke yake: waliobeba mizigo, waliopiga kasia na waliotafsiri walikuwa Waafrika wenzetu, na lugha ya msafara ilikuwa Kiswahili. Baadaye, Kigali ilipoanzishwa na Richard Kandt mwaka 1907, Kiswahili kilikuwa tayari kimetangulia. Nendeni Biryogo na Nyamirambo, mitaa ya Kigali, leo mkasikie. Mwaka 2017 Rwanda ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, kuna watu walishangilia kama kimewasili jana. Kilifika na mizigo kichwani, zaidi ya miaka mia iliyopita, na njia yake mojawapo ilikuwa hii.

Wakati wa Mjerumani, Rusumo haikuwa mpaka wa nchi. Pande zote mbili ni koloni moja. Ngozi za ng'ombe kutoka Rwanda zilishuka Bukoba, zikapakiwa melini kuvuka ziwa kwenda kukutana na reli kule Kisumu. Ziwa ndilo lililokuwa mlango wa Rwanda. Sisi wa bandari tumelisahau hilo kabisa.

Ikaja vita ya 1914. Mwaka 1916 Wabelgiji walitokea Kongo, wakachukua Kigali mwezi Mei, wakavuka kuja huku. Waingereza wakashuka na meli, wakaingia hapa Mwanza mwezi Julai. Septemba Wabelgiji wakawa Tabora. Vita ikaisha, na mkimuuliza mtu yeyote aliyeona wapagazi walivyokufa njiani, hakuna aliyejua imepiganiwa nini. Kisha ikaja kazi ya kugawana.

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo kiini kilipo. Mwaka 1919 wajumbe wawili, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji, walikubaliana mezani: Rwanda na Burundi ziende kwa Mbelgiji, sehemu iliyobaki iwe ya Mwingereza. Lakini Mwingereza alikuwa na ndoto ya reli ya kutoka Cape hadi Cairo, na wapimaji wake walimwambia reli itapita vizuri zaidi magharibi ya Kagera kuliko mashariki. Basi akaomba aongezewe kipande cha ng'ambo. Kipande hicho ni Gisaka, mashariki ya Rwanda, nchi ya malisho, yenye watu na ng'ombe wao. Akapewa. Mwami Musinga alilalamika kwamba amekatiwa mguu. Mapadri wakaandika barua, na tume ya Ushirika wa Mataifa iliyosimamia makoloni yale ikauliza maswali. Waingereza walikuja kuitawala Gisaka kweli, mwaka 1922, kwa mwaka mmoja na miezi kadhaa. Mwishoni mwa 1923 wakairudisha. Reli yenyewe haikujengwa hata hatua moja.

Na walipoirudisha ndipo wakasema, haya, mpaka uwe mto. Mwaka 1924 ukaandikwa. Kwa hiyo kijana unayesema kwamba mto ni mpaka wa asili, mpaka wa Mungu, hiyo asili ina miaka mia moja tu, na ilitokana na reli ambayo haipo.

Huwa nawaza mtu wa Gisaka wa mwaka huo. Amelala kwa Mjerumani, ameamka kwa Mbelgiji, mchana yuko kwa Mwingereza, jioni amerudi kwa Mbelgiji, na hajatoka nyumbani kwake.

Kuanzia hapo watu walivuka kwa sababu za kila aina. Vibarua walikwenda kwenye kahawa na pamba. Machafuko ya Rwanda yalipoanza mwaka 1959, Watutsi wengi walikimbilia huku na kwingineko, wengine wakapewa ardhi Ngara na Karagwe. Mwaka 1980 serikali yetu iliwapa uraia wakimbizi wa Rwanda kama 36,000, jambo ambalo nchi chache zimewahi kufanya. Na Agosti 1977, palepale Rusumo, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa kuunda shirika la bonde la mto Kagera. Umeme wa maporomoko ulikuwa ndani ya ndoto hizo. Shirika lilikufa, ndoto ikabaki faili. Leo mitambo ya megawati 80 ipo pale, na umeme wake unagawanywa kwa nchi tatu sawasawa. Tangu sahihi hadi taa kuwaka ni zaidi ya miaka 45. Ukiona kontena lako limekaa wiki, jifariji.

Nisipite bila kuitaja Kyaka, maana ni mto uleule. Mpaka wetu na Uganda ulichorwa kwa rula na Wazungu, haukufuata maji, hivyo kuna ardhi yetu kaskazini ya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia huko, akatangaza kwamba mto ndio mpaka mpya, na daraja la Kyaka likalipuliwa. Unaona mchezo huo? Rusumo walisema mto ni mpaka, tukakubali. Kyaka amekuja mtu mmoja amesema mto ni mpaka, tukapigana. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanakumbuka Mwalimu alivyosema redioni kwamba sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Mengine mnayajua, na wapo humu ndani waliokwenda. Nawaheshimu.

Sasa mwaka 1994, mwaka wa mauaji ya kimbari ya Rwanda. Haya nitayasema taratibu.

Nilikuwa na miaka 19, tandiboi kwenye lori la tani kumi. Tajiri wetu alikuwa amepata kazi ya kupeleka mahindi na maharage Ngara. Aprili 28 na 29, kwa muda wa saa 24 hivi, watu kama 250,000 walikuwa wamevuka daraja la Rusumo kwa miguu. Wakati huo daraja lilikuwa lile la zamani, la mwaka 1972, jembamba, la njia moja. Malori mawili hayapishani. Robo milioni ya watu ilipita hapo. Na nimewaambia muikumbuke tarehe ya von Götzen: zilibaki siku tatu tu itimie miaka mia moja tangu avuke.

Sisi tulifika baada ya siku chache. Upande wa pili tayari ulikuwa mikononi mwa wapiganaji wa RPF, waasi waliokuwa wakipigana na serikali ya Rwanda, na mpaka umefungwa. Tulianza kuona moshi kabla ya kuona watu. Benaco, ambako kulikuwa na kambi ya kampuni ya Kiitaliano iliyojenga barabara, kulikuwa na kilima kizima kimegeuka rangi ya bluu kwa maturubai, na kila mti unakatwa. Tulishusha mzigo. Kisha dereva wangu, mzee mmoja Mkerewe, akasema twende tukaone mto. Nilijua hapendi kwenda, ila alikuwa mtu wa kutaka kuhakikisha.

Kando ya barabara, upande wetu, kulikuwa na lundo la mapanga. Polisi wetu waliwaamuru wanaoingia waache silaha. Nilikuwa nimezoea panga. Nyumbani tunalo la kukatia majani ya ng'ombe, na mpini wake mjomba aliufunga kwa mpira wa baiskeli ulipopasuka. Ndani ya lile lundo nikaona mpini uliofungwa vilevile, kwa mpira wa baiskeli. Sikuweza kuondoa macho. Mashoka yalikuwepo, mundu, marungu yenye misumari, lakini mimi nauona ule mpira.

Darajani tulisimama pembeni. Chini ya maporomoko maji huzunguka kabla hayajaendelea, na ndani ya mzunguko ule kulikuwa na watu. Maiti. Zinafika juu, zinaanguka, zinazunguka, zinaondoka, zinafika nyingine. Nikaanza kuhesabu, sijui kwa nini, labda kwa sababu kazi ya tandiboi ni kuhesabu magunia. Nilipofika kumi na saba mzee akanishika bega akasema, "Acha." Akavua kofia. Hatukuongea mpaka Biharamulo.

Waliokuwa majini wengi wao walikuwa Watutsi waliouawa Rwanda na kutupwa kwenye Nyabarongo na Kagera. Waliokuwa kilimani Benaco wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia jeshi la RPF lililokuwa linakuja, na katikati yao walikuwemo waliowatupa wale wa majini. Sisi tuliwapelekea wote maharage. Meya wa Rusumo upande wa Rwanda, Sylvestre Gacumbitsi, anayetajwa katika mauaji ya kanisani Nyarubuye, alikuja kukamatwa mwaka 2001 kambini Kigoma. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimpa kifungo cha maisha kwenye rufaa mwaka 2006. Yaani alivuka na umati, akapanga foleni ya mgao kama wenzake. Mpaka leo nikikumbuka mikono iliyopokea magunia najiuliza ilikuwa ya nani.

Nilirudi Mwanza sikusema kitu. Lakini habari ilinitangulia. Nyumbani kwetu Igogo mama alikuwa ameacha kupika samaki. Samaki! Mwanza! Niliwahi kumweleza kwamba mto unaingilia Uganda, mbali sana na hapa, kwamba wavuvi wa kule Kasensero, Lambu na Ggolo wanaokota miili na kuizika. Ni kweli, na makaburi yao yapo hadi leo, maelfu ya watu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ziwa ni moja." Tulikula maharage na mchicha kwa wiki nyingi. Miaka miwili baadaye, Mei 1996, ikazama MV Bukoba karibu kabisa na hapa, na mama akaacha samaki tena.

Na hapo ndipo nilipoelewa kwamba Rusumo si habari ya watu wa Ngara peke yao. Chukueni magugu maji. Mnakumbuka miaka ya tisini bandari yetu ilivyofunikwa, mtumbwi haupenyi, pampu za maji zinaziba? Yaliteremka na mto huohuo. Yaliletwa Rwanda kama maua ya kupamba mabwawa, yakaona Kagera ni barabara. Hayakugonga muhuri popote.

Desemba 1996 serikali iliwataka wakimbizi wa Rwanda warudi kabla mwaka haujaisha, na zaidi ya laki nne wakavuka tena daraja lilelile, wakielekea upande mwingine. Kuna waliokimbilia porini kuelekea Malawi wakarudishwa njiani. Kambi zikabaki vilima vipara. Kilichobaki kingine ni bunduki. Wasafiri wa zamani mnajua mapori ya Biharamulo yalivyokuwa: mabasi yanakusanywa, yanasubiriana, askari wanapanda mbele na nyuma, ndipo msafara unaondoka. Niliwahi kulala chini ya lori langu mwenyewe nikisikiliza kama kuna anayekuja. Sitaki kuieleza zaidi.

Mwaka 2013 nako kulikuwa na ile operesheni ya kuondoa wahamiaji wasio na vibali. Nilikuwa mpakani na faili zangu. Niliona wazee wakivuka na ng'ombe, wengine wanaongea Kiswahili cha Karagwe kuliko Kinyarwanda, wana wajukuu waliozaliwa huku. Mmoja aliniuliza kama upande wa pili kuna majani. Nikamjibu yapo. Sikuwa na hakika, ila ningemwambia nini?

Sasa tufike kwenye zege. Wajapani ndio waliosaidia kujenga daraja jipya na Kituo cha Huduma kwa Pamoja Mpakani. Daraja liliisha mwaka 2014, likazinduliwa rasmi Aprili 2016 na Rais Magufuli na Rais Kagame. Ilikuwa safari ya kwanza ya Magufuli nje ya nchi tangu awe rais. Lina njia mbili, malori yanapishana. Lile la zamani tulikuwa tunavuka moja moja, na ukikuta mwenzako mzito yuko juu unazima injini na kuomba Mungu. Huko nyuma ulisimama upande wetu ukatoka kwa Tanzania, ukavuka, ukasimama tena ukaingia kwa Rwanda, foleni mbili, wapiga mihuri wawili. Sasa ukienda unasimama upande wa Rwanda tu, maofisa wetu wako humo pamoja na wa kwao, dirisha kwa dirisha. Ukirudi unasimama upande wetu tu. Na vijana, ule mfuko wa plastiki wenye chapati uuache nyumbani. Rwanda walipiga marufuku mwaka 2008, miaka kumi na moja kabla yetu, na wanakagua.

Ya 2020 mnayajua. Rwanda ilisema dereva abadilishwe mpakani kwa sababu ya korona, madereva wetu wakagoma, malori yakajipanga kilomita na kilomita. Baadaye mizigo ikawa inashushwa Kiyanzi, karibu na mpaka. Nilikuwa napigiwa simu usiku na watoto waliokuwa wamelala chini ya trela: mzee, maji yameisha. Daraja lile zuri la mita 80 lilikuwa pale, limewaka taa, halina kitu juu yake.

Mama wa kitenge cha njano, nimekufikia.

Daraja halikukuchelewesha. Nakwambia kwa uzoefu wa miaka mingi ya kubeba faili: siku hizi lori halilali Rusumo kwa sababu ya mto, linalala kwa sababu ya karatasi, na karatasi nyingi huharibikia hapahapa Mwanza. Niliwahi kulala huko siku nzima na mzigo wa mteja kwa sababu ofisi moja, jina naliacha, iligonga muhuri wenye tarehe ya kesho. Ofisa wa mpakani aliangalia, akacheka, akaniambia, "Mzee, hii karatasi bado haijazaliwa." Ikabidi tungoje kesho izaliwe. Lakini hiyo hutokea mara chache. Kinachotokea kila wiki ni hiki: kibali cha kusafirisha kinasema magunia 200. Gari linapakiwa usiku. Kijana wa kupakia ana ya shemeji yake mawili, dereva ana yake matano ya kwenda kuuza Kigali, na mtu mwingine kaomba lifti ya magunia matano. Linafika Rusumo lina 212. Hapo ofisa afanye nini? Akiyaacha yapite, kazi yake imeisha. Anashusha, anahesabu, anaandika, anapiga simu, na dagaa wanaanza kuvuta unyevu wa maporomoko.

Au lakiri imekatika kwa sababu dereva alifungua turubai Lusahunga kuongeza mkaa. Au jina kwenye kibali ni lako na jina kwenye ankara ni la mume wako.

Kwa hiyo mama, kabla sijaanza kumlaumu mtu wa Rusumo, nina swali. Hicho kibali chako cha wiki iliyopita kilisema magunia mangapi, na wewe mwenyewe, kwa macho yako, ulihesabu mangapi yakipanda?

Nauona mkono wake. Naomba apewe maikrofoni.